Wasifu Ulio Nje ya Ukuta: Uhusika na Ulinzi katika Mchezo wa RimWorld

Mchezo wa kompyuta wa RimWorld, uliobuniwa na Tynan Sylvester na kutolewa rasmi mwaka 2018, unastahili kuhakikiwa kama kazi ya masimulizi. Msimulizi wake huteuliwa kabla ya kisa kuanza: Cassandra hupandisha taharuki ngazi kwa ngazi, Phoebe huruhusu vipindi virefu vya utulivu, naye Randy hafuati mpangilio wowote.

Kisha mchezaji huwateua walowezi watatu walionusurika ajali ya chombo cha angani. Hapa ndipo fani ya mchezo inapong'ara. Stadi zao 12, zinazopimwa kuanzia 0 hadi 20, haziokotwi kama bidhaa dukani. Hutokana kwa kiasi kikubwa na wasifu, yaani utoto na utu uzima wa mhusika. Anayemtaka tabibu hodari huenda akakuta kwamba maisha ya awali ya tabibu huyo yanamzuia kupigana kabisa. Wachezaji wazoefu humtafuta mjenzi, mkulima na mlenga shabaha, mmoja wao akiwa na ujuzi wa kutibu. Hupanda mpunga kwa kuwa hukomaa upesi, hujenga ukuta wenye mwingilio mmoja, na kuwaweka wenye bunduki nyuma ya mifuko ya mchanga. Ni busara tupu.

Udhaifu unajitokeza nje ya ukuta huo. Mshambulizi naye ana jina na wasifu. Hata akitekwa, anaweza kushawishiwa ajiunge na walowezi. Hata hivyo, si wasifu huo uliomleta vitani. Ukubwa wa uvamizi hukokotolewa hasa kutokana na mali na idadi ya walowezi. Adui, basi, amepewa historia isiyo na kazi yoyote katika msuko.

Msomaji aliyeko Fort Ternan, katika nchi ya chai ya Kericho, hawezi kulipuuza jambo hili. Mahali hapo pangali pana jina la ngome na la afisa wa Kiingereza, Trevor Ternan, tangu enzi za ujenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Machoni pa utawala, Wanandi waliochukua nyaya za simu na vyuma vya reli walikuwa wezi na wavamizi. Masimulizi yao wenyewe yanaanzia mbali zaidi: kwa Orkoiyot Kimnyole, anayesemekana kutabiri ujio wa nyoka wa chuma, na mwanawe Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Katika kisa hicho ngome ni chanzo cha vita kabla ya kuwa kinga.

RimWorld inaukaribia mtazamo huo katika mwanzo wake mwingine, ambapo watu watano wa kabila lililoangamizwa na mitambo ya kivita wanaanza upya kwa mishale na mikuki. Lakini nao wakishalimbikiza mali, huvamiwa kwa hesabu ile ile.