Hongera, walimu wa Kikipsigis

Mulot ipo mpakani mwa Bomet na Narok, na sokoni Kikipsigis, Kimaasai na Kiswahili hupokezana. Mahali kama hapo mtoto aweza kukua akielewa lugha ya bibi yake asiweze kuiandika. Nawapongeza walimu wa madarasa ya chini wanaoziba pengo hilo.

Kazi yao ni nzito. Kikipsigis, sawa na lugha nyingine za Kikalenjin, kina irabu nyingi kuliko herufi tano za irabu tulizoazima kwa Walatini, na toni inayobadilisha maana haiandikwi kabisa. Mtoto lazima aisome sentensi nzima ndipo ajue neno litamkwe vipi. Kumfikisha hapo ni ufundi, tena ufundi usiolipwa heshima yake.

Wacherokee wa Marekani walibahatika: mwaka 1821 Sequoyah alikamilisha mwandiko uliobuniwa kwa silabi za lugha yao. Sisi tulimpata Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu kutoka Kericho, aliyechapisha utafiti wake wa Kikalenjin mwaka 1979.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali ilinde lugha zetu. Nanyi wazazi, msimwachie mwalimu peke yake: mwandikieni mtoto ujumbe kwa Kikipsigis, naye awajibu kwa Kikipsigis.