Kiungo Kisicho na Fundo

Andermatt ni mji mdogo wa milimani katikati ya Uswisi. Kando ya stesheni yake ya treni ndipo zinapoanzia gondola zinazowapandisha watelezaji wa theluji hadi Nätschen, kisha Gütsch. Treni nayo inakwenda Nätschen, ila mlima ni mkali mno kwake: inapanda kwa kuzunguka, kona baada ya kona, ikijivuta kwa reli ya meno iliyolazwa katikati ya njia. Gondola zinakatiza juu yake moja kwa moja. Vibanda vyenye watu vinapita angani, chini yake kuna reli inayotumika kila siku, na juu ya reli hiyo umetandazwa waya wa umeme wa volti 11,000.

Mgeni akifika mahali kama hapo hutazama nguzo na vilele. Mimi moyo wangu uko kwa mafundi wanaounga kamba.

Kamba ya gondola huzunguka bila mwanzo wala mwisho, lakini kiwandani ilitoka na ncha mbili kama kamba yoyote. Ncha hizo huunganishwa kwa mikono ya watu, bila fundo, bila gundi, bila kulehemu. Kamba yenyewe kwa kawaida ina nyuzi nene sita, kila uzi umesokotwa kwa waya nyingi za chuma, na zote sita zimezungushiwa kiini cha plastiki. Kanuni zinataka kiungo kisipungue mara 1,200 ya unene wa kamba. Kamba ya milimita 50, basi, inadai kiungo cha mita 60.

Kazi huanza kwa kuilegeza kamba na kuibana kwa winchi pande zote mbili ili ncha zilale chini bila mvuto. Mafundi hufumua uzi mmoja wa ncha ya kulia, na katika mfereji uliobaki hulaza uzi wa ncha ya kushoto, hatua kwa hatua, msokoto ule ule, hadi mahali palipopimwa. Hapo nyuzi mbili hukutana na kupishana. Hurudia hivyo mpaka kuwe na makutano sita yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Katika kila makutano hubaki mikia miwili, na hapa ndipo ufundi unapojulikana. Chuma chenye ncha huchomekwa kati ya nyuzi kuzipanua, kiini hutolewa, na mkia huingizwa ndani kukaa mahali pake. Mkia mwembamba kuliko kiini huacha uwazi. Nyuzi za nje zitadidimia, zitasuguana na kulika. Mkia mnene kupita kiasi hufanya uvimbe utakaogongwa na kila roda. Kwa hiyo mkia huviringishwa utepe mpaka ujae sawasawa, kisha kamba hugongwa kwa nyundo laini hadi nyuzi zitulie.

Kinachozuia mikia hiyo kumi na miwili isichomoke ni msuguano peke yake. Kamba ikivutwa, nyuzi za nje huibana mikia. Ikivutwa zaidi, huibana zaidi. Sijui ufundi mwingine ambao mzigo wenyewe ndio unaokaza kazi ya fundi namna hii, na kila ninapoufikiria naustaajabia upya.

Kiungo hakipumziki. Kwenye kamba yenye mzunguko wa kilomita 6, ikienda mita 5 kwa sekunde, kinapita penye gurudumu kubwa la mtambo kila baada ya dakika 20, kikipindishwa na kunyooshwa mchana kutwa. Ndiyo maana mafundi hukirudia na kalipa mkononi, wakipima unene kwenye kila makutano na kulinganisha na daftari la kipimo kilichotangulia. Kwa yale yasiyoonekana kuna mashine ya sumaku: huikumbatia kamba ikipita polepole, na waya uliokatika ndani hujitokeza kwenye mchoro.

Kamba ya chuma inastahili kusomwa hivyo kwa sababu huonya. Wilhelm Albert aliitengeneza mwaka 1834 kwa ajili ya migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, ambako minyororo ilikuwa ikikatika ghafla. Pete moja ya mnyororo ikivunjika, mzigo wote umekwenda. Waya mmoja wa kamba ukivunjika, nyingine bado zinabeba, na mwenye kukagua anapata muda. Muda huo hauna faida asipokuwepo wa kuutumia. Kule Mottarone, Italia, tarehe 23 Mei 2021, kamba ya kuvuta kibanda ilikatika, na breki ya dharura ilikuwa imezuiwa kwa vyuma isifanye kazi. Watu 14 walikufa.

Juu ya reli uangalifu huongezeka. Kila kundi la roda lina mikono ya chuma ya kuidaka kamba ikiponyoka, na kijiti kinachovunjika kirahisi. Kikivunjika, saketi ya usalama hukatika na mtambo husimama wenyewe. Abiria wakikwama angani, waokoaji hawawezi tu kuwashusha kwa kamba kama wangefanya juu ya theluji. Ni lazima kwanza waongoza treni wathibitishe kwamba njia imefungwa, umeme ukatwe, na waya wa treni uunganishwe na ardhi.

Kamba mpya nayo hurefuka inapoanza kuzoea mzigo. Ikizidi nafasi ya kukazia, gondola hufungwa na kamba hulegezwa tena. Kipande hukatwa, na mafundi huanza upya na uzi wa kwanza, mita 60 zote.