Ngome Iliyovishwa Majani

Ndugu msomaji, usiende pale ukitafuta uzuri. Kando ya uwanja wa Horse Guards Parade, jijini London, limekaa pande la zege liitwalo Admiralty Citadel. Mimi nimeliona pichani tu, lakini nimelitazama sana, na leo nalihakiki kama ninavyohakiki riwaya.

Lilijengwa 1940 na 1941, mabomu ya Wajerumani yakilinyeshea jiji, ili wakuu wa jeshi la wanamaji wasiache kazi. Msingi wake unashuka mita 9, na paa ni zege la unene wa mita 6. Mita sita, jamani! Ukutani yaliachwa matundu ya kufyatulia bunduki, maana walihofu adui angetua na vita vingefika mtaani. Hapo ndipo ninapolisifu: haliongopi. Kila tundu linakiri hofu. Churchill mwenyewe, katika kumbukumbu zake za vita, alilisema vibaya kwa ubaya wa sura yake.

Kasoro ni majani. Mmea utambaao umeachiwa ukuta ili kulipamba. Nasi waandishi chipukizi ndio mchezo wetu huo: ukweli mchungu ukishatutoka tu, haraka tunaupandia mbalamwezi na machozi yanayometameta.

Lakini nusu ya kisa haimo ndani ya zege. Mwaka uleule wa 1940, serikali haikutaka raia wajifiche katika stesheni za treni za chini ya ardhi. Watu wakakata tiketi, wakashuka, wakagoma kutoka, mpaka serikali ikanywea. Mchonga sanamu Henry Moore akawachora wakiwa wamelala safu kwa safu, wamejifunika mablanketi kama sanda. Michoro ile inatisha bila kuhitaji ndege wala moshi.

Sisemi wakuu walijichimbia bure. Humo ngomeni walifuatilia nyambizi za Ujerumani zilizowinda meli za chakula, na chakula hicho kililiwa na haohao waliolala stesheni. Ndiyo maana nachoka na hadithi za vita zenye jenerali mwema, au zenye maskini watupu. Nionyesheni wote wawili, kila mmoja na paa lake. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1940 bomu lilipasua barabara juu ya stesheni ya Balham. Basi likatumbukia shimoni, maji na udongo vikajaa chini, wakafa watu zaidi ya 60.