Jumamosi Usiku, Wakati wa Baridi

Wengi wanaomsimulia Harriet Tubman huishia kwenye ujasiri wake. Ujasiri alikuwa nao, na yeye mwenyewe alimshukuru Mungu kwa kila safari. Mimi kinachonistaajabisha zaidi ni ufundi wake: namna alivyochagua saa, na alivyojua nani aambiwe nini na nani asiambiwe kitu. Alitoroka utumwani Maryland, Marekani, mwaka 1849, kisha katika miaka ya 1850 akarudi huko mara zipatazo 13, akatoa watu wapatao 70. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa akiwa mikononi mwake.

Kusoma hakujua. Shule yake ilikuwa vinamasi na misitu ya Dorchester, huko huko Maryland. Utotoni alitumwa kuingia kwenye maji ya baridi kukagua mitego. Alipokua alifanya kazi ya magogo na baba yake, Ben Ross, aliyekuwa bingwa wa mbao. Humo ndimo alimozoea kutembea gizani.

Alipenda majira ya baridi, usiku unapokuwa mrefu na watu wamejifungia ndani. Alipenda kuondoka Jumamosi usiku, kwa sababu Jumapili haikuwa siku ya kazi, na tangazo la kusaka watoro lilikuwa gumu kuchapishwa kabla ya Jumatatu. Watoto wachanga waliweza kunyweshwa dawa yenye afyuni ili wasilie njiani. Akiwaacha wenzake vichakani akaenda kutafuta chakula, aliporudi aliimba, na kwa wimbo ule walijua kama watoke au waendelee kujificha.

Krismasi ya 1854 ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Kaka zake watatu walikuwa karibu kuuzwa. Alimwomba mtu amwandikie barua Jacob Jackson, mtu mweusi huru aliyejua kusoma, ikiwa na maneno ya dini kuhusu merikebu inayokuja na ndugu wakae tayari kupanda. Wazungu waliifungua kwanza, wakaisoma, wasiambue kitu. Jackson naye akasema haielewi, haiwezi kuwa yake, kisha akaenda kuwapa habari akina kaka.

Saa ilipofika, Robert, mmoja wa kaka hao, hakuwapo. Mkewe alikuwa na uchungu wa kujifungua. Harriet hakumsubiri. Ukali huo unauma, lakini kumngoja mmoja kungewaponza wote. Robert aliwafuata baadaye, akawakuta wamejificha kwenye banda la malisho jirani na nyumba ya wazazi wao. Ben, baba yao, aliwaletea chakula bila kuwatazama, na walipoondoka akawasindikiza akiwa amejifunga kitambaa machoni, ili akiulizwa aweze kuapa kwamba hajawaona wanawe. Mama yao hakuambiwa. Alikuwa akiwasubiri kwa chakula cha sikukuu, na wao wakimwona kupitia nyufa za mbao, wasithubutu kumwita. Tarehe 29 Desemba walikuwa Philadelphia, ofisini kwa William Still, aliyeandika habari za kila mtoro aliyepita kwake.

Harriet hakufanya haya peke yake. Mjini Wilmington, Delaware, alikuwapo Thomas Garrett, mfanyabiashara wa chuma wa dhehebu la Marafiki, lile lile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya. Mwaka 1856 daraja la kuingilia mji lilipowekewa walinzi, Garrett alituma mikokoteni ya waashi, wakavuka wakiimba kama watu wanaokwenda kazini. Usiku walirudi na nyimbo zao vilevile, na watoro wa Harriet wamelala sakafuni mwa mikokoteni. Walinzi waliwaacha wapite.

Kisha mwaka 1857 ikaja zamu ya wazazi. Walikuwa wazee, mwendo wa usiku msituni hawakuuweza, hivyo kila alichokizoea Harriet hakikufaa tena. Akatafuta magurudumu ya gari kuukuu la farasi, akaweka ubao juu ya ekseli wakalie, na ubao mwingine akauning'iniza kwa kamba wapate pa kuwekea miguu. Farasi akamvisha kola ya majani makavu. Kwa chombo hicho aliwafikisha kwenye reli. Garrett akampa nauli ya kuwapeleka Kanada, halafu akamuuza yule farasi na fedha iliyobaki akawatumia wenyewe.