Tafsiri au Uambishaji? Tahakiki ya Hati ya DNS64

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, muuzaji wa sambaza anayesema Mashi huelewana na mnunuzi asiyeijua lugha hiyo iwapo yupo mtu wa tatu wa kuwakalimania. Mkalimani huchukua maana na kuivika maneno mengine. Je, kazi inayoelezwa katika hati RFC 6147, iliyotolewa Aprili 2011 na Bagnulo, Sullivan, Matthews na van Beijnum, inastahili kuitwa tafsiri kwa maana hiyo?

Tatizo linaloshughulikiwa ni la kweli. Anwani za itifaki ya zamani ya intaneti, IPv4, zina biti 32. Za itifaki mpya, IPv6, zina biti 128. Akiba kuu ya anwani za zamani duniani ilimalizika Februari 2011. Kompyuta yenye itifaki mpya pekee ikiuliza anwani ya jina lenye anwani ya zamani tu, seva ya DNS64 huunda jibu: huchukua kiambishi cha biti 96, kwa mfano 64:ff9b::/96, na kupachika anwani ya zamani mwishoni. Pakiti zitumwazo huko hupokewa na mtambo wa NAT64, ambao huzivusha hadi upande wa pili.

Ni dhahiri kwamba hapa hakuna maana iliyohamishwa. Biti 32 zimebaki zilivyo. Kazi hii ni uambishaji: neno la kigeni "daktari" hupokea kiambishi na kuwa "madaktari", mzizi usiguswe. Tena, kama kiambishi cha ngeli kinavyotawala upatanisho wa sentensi nzima, ndivyo kiambishi cha anwani kinavyoamua njia ya pakiti.

Waandishi wanastahili sifa kwa kukiri waziwazi kwamba jibu hilo ni la kuundwa. Hata hivyo, jibu lenyewe halibebi alama ya kuundwa kwake. Asiyekijua kiambishi hawezi kutambua kwamba mwenye jina hakuiandika anwani hiyo. Mpokeaji anayehakiki saini za DNSSEC mwenyewe atalikataa. Ndiyo maana hati inaiagiza seva isiunde jibu pale muulizaji anapoonyesha kwamba atahakiki mwenyewe. Hivyo aliye mwangalifu kuliko wote ndiye anayekosa njia, isipokuwa aunde anwani mwenyewe. Na namna ya kukigundua kiambishi ilikuja kuelezwa mwaka 2013, katika RFC 7050.

Uchaguzi wa istilahi, basi, si suala la ladha tu. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba DNS64 "hutafsiri" ataamini kwamba kauli ya mwenye jina imemfikia kwa lugha nyingine. Akifundishwa kwamba "huambisha", atauliza mara moja: kiambishi ni cha nani? Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa.