Msomaji Mwenye Rula

Kila tasnifu ya uzamili au uzamivu hupata msomaji mmoja asiyejali inasema nini. Msimamizi ameshaipitia sura kwa sura, watahini wameshabishana nayo, mwandishi ameshaitetea mbele ya jopo na kupewa mkono wa pongezi. Kisha nakala inafika mezani kwa mkaguzi wa mpangilio, ambaye hana habari na nadharia wala matokeo. Anaifungua, anachukua rula, anapima pambizo.

Wanafunzi hawampendi. Wanafika kwake wamechoka, ada imewatoa jasho, orodha ya wahitimu inakaribia kufungwa, naye anawarudisha kwa ajili ya nusu sentimita. Ukikaa nje ya ofisi ya namna hiyo mwezi mmoja kabla ya mahafali utasikia akiitwa majina yasiyoandikika. Mimi, kadiri ninavyowatazama watu wa kazi hii, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba pale chuoni hakuna wanaosoma kwa makini kuwazidi.

Tuanze na hilo pambizo. Vyuo vingi vya kwetu huagiza upande wa kushoto uachwe sentimita 4 hivi, na wa kulia 2.5. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, kwa hiyo mstari wa maandishi unabakiwa na milimita 145. Mwanafunzi anaona karatasi inapotea bure. Sababu iko kwa fundi wa kujalidi, yule ambaye wengi humwita mtu wa baindingi.

Kitabu kilichoshonwa vizuri kiwandani huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, na uzi hupita ndani ya mikunjo. Tasnifu haina mkunjo hata mmoja. Ni rundo la karatasi mojamoja zilizotoka kwenye printa, pengine 250, lenye unene wa sentimita mbili na nusu. Fundi analigonga mezani upande wa mgongo, analigeuza, analigonga upande wa juu, anarudia tena mpaka kidole gumba kikipita ubavuni hakikwaruzwi na karatasi yoyote. Analibana kwenye jiliwa. Kwa kuwa hakuna mkunjo wa kupitisha uzi, hana budi kutoboa ubavuni, kiasi cha sentimita moja kutoka ukingoni, na kushona kutoka juu hadi chini. Sentimita hiyo imekwenda. Nyingine inakwenda kwenye mbonyeo, maana kitabu kilichoshonwa ubavuni hakifunguki kikalala chapa. Kurasa zake hujipinda kuelekea mgongoni. Ukitoa hayo kwenye zile sentimita 4, kinachobaki ni nafasi ndogo ya jicho kupumua.

Baada ya uzi huja gundi, na juu ya gundi kitambaa chepesi cha kushika mgongo. Rundo linakatwa pande tatu kwa mashine ili kingo ziwe laini, na hapo milimita kadhaa za juu, chini na kulia zinaanguka sakafuni. Namba ya ukurasa iliyosogezwa mno pembeni huanguka nazo. Kisha huja kadibodi mbili za jalada, zikiachiwa mwanya mwembamba karibu na mgongo ili jalada lipate bawaba ya kufungukia. Hapa ndipo ninapomvulia fundi kofia. Kitambaa cha jalada kikibandikwa nje ya kadibodi kwa gundi mbichi, kinapokauka kinavuta, na kadibodi inapinda kuelekea nje. Fundi hapigani na mvuto huo. Anaubandikia mwenzake upande wa ndani: karatasi ya mwanzo na ya mwisho zinapakwa gundi na kulazwa juu ya kadibodi, nazo zikikauka zinavuta kuelekea kwao, jalada likanyooka katikati ya mivuto miwili. Kitabu kinawekewa uzito, kinaachwa mpaka kesho. Anayekitoa mapema kwa sababu mteja amesimama mlangoni atakiona baada ya wiki kimejikunja.

Mkaguzi anapopima pambizo, basi, anampimia fundi. Na haishii kwenye kurasa za kawaida. Jedwali pana linalolazwa kwa upana wa karatasi lazima kichwa chake kielekee mgongoni, ili msomaji akizungusha kitabu mara moja alikute limekaa wima. Likielekezwa kinyume, mguu wa jedwali ndio unaozama kwenye mshono, pamoja na ile safu ya jumla ambayo ndiyo aliyoifuata msomaji. Nimekutana na majedwali ya namna hiyo kwenye rafu za maktaba. Unalazimika kukipasua kitabu ili ujue jumla ni ngapi.

Usomaji wenyewe una mpangilio wake, na mkaguzi mzuri hasomi mambo yote kwa pamoja. Anapita mara ya kwanza akitazama namba za kurasa peke yake: za Kirumi kwenye ikirari, tabaruku, shukurani na ikisiri, kisha 1 pale sura ya kwanza inapoanza. Anapita tena na yaliyomo mkononi, akilinganisha kila kichwa na ukurasa wake, neno kwa neno. Mara ya tatu ni vielelezo. Halafu inakuja kazi ya kuchosha kuliko zote: kila jina lililotajwa ndani ya matini litafutwe kwenye marejeleo, na kila lililo kwenye marejeleo litafutwe ndani ya matini. Kuna mazungumzo ambayo nadhani yamefanyika katika kila chuo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Jedwali la 4.3 liko ukurasa wa ngapi?”

“Wa 87.”

“Huku mbele umesema 85.”

Hajasoma hata sentensi moja ya hoja, lakini amejua kwamba watahini waliomba aya ziongezwe sura ya nne, zikaongezwa, na orodha ya majedwali haikuguswa. Kosa la namba ni alama ya mahali mkono ulipopita kwa haraka, na mkono uliokuwa na haraka mara nyingi huacha mengine jirani. Kwa hiyo anazisoma kurasa za 83 hadi 90 polepole zaidi. Huo si ukiritimba, hata kama mwenye tasnifu ataapa kwamba ndio.

Kazi hii ina mzee wake wa ukoo. Kate Turabian aliingia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1925 akiwa karani wa idara, na kuanzia 1930 hadi alipostaafu 1958 alikuwa katibu wa tasnifu. Kila tasnifu ya uzamivu iliyokubaliwa ilipita mezani kwake, naye ndiye aliyesema imefaa au haijafaa. Zama hizo ni za taipureta. Tanbihi haikujisogeza yenyewe chini ya ukurasa. Mpiga chapa alipaswa kuhesabu mistari iliyobaki kabla hajaifikia, na akikosea, ukurasa mzima unapigwa upya. Mwaka 1937 Turabian alikusanya maelekezo yake katika kijitabu kwa ajili ya wanafunzi. Baadaye shirika la uchapishaji la chuo hicho likakichukua, na matoleo yake yameshauzwa zaidi ya nakala milioni tisa. Waandishi wengi wa nadharia nzito waliopita mezani pale wangefurahi kupata hata sehemu ndogo ya wasomaji hao.

Siku hizi rula imepata mwenzake. Mwaka 1997 chuo cha Virginia Tech cha Marekani kilianza kudai tasnifu zote ziwasilishwe kwa faili la kielektroniki, na vyuo vingine vikafuata. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vinavyoziweka tasnifu zao wazi mtandaoni. Faili nalo lina mgongo wake unaoweza kukatika. Ndiyo maana kuna aina ya PDF iliyowekewa kanuni za kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu: fonti zote ziwe ndani ya faili lenyewe, lisifungwe kwa nywila, lisitegemee kitu kilicho nje yake. Faili lisilobeba fonti zake likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo nazo, kompyuta huchagua fonti nyingine, na hapo alama za kifonetiki za tasnifu ya isimu zinaweza kugeuka visanduku vitupu.

Mkaguzi wa zama hizi huandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia aone kama linapatikana. Kama chuo kimepelekewa picha za kurasa zilizopitishwa kwenye skana, halitapatikana kamwe. Kiswahili kina mtego wake hapa. Ritifaa ya ng’ombe inaweza kuwa iliyonyooka au iliyopinda, kutegemea programu iliyotumika, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Tasnifu ya ufugaji iliyochanganya zote mbili, kwa sababu sura moja iliandikwa kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, inaweza kumpa mtafutaji nusu tu ya ng’ombe wake. Jicho la kawaida halioni tofauti hiyo. Mkaguzi makini huiona, au angalau hujua kuitafuta, na huagiza ibaki moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna jina. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na hakuna kati ya hayo ambalo ni la ukoo kwa maana wanayoitaka watunga katalogi. Fomu ya kuhifadhi inadai lipi litangulie. Mwandishi akijaza la babu leo, kesho akachapisha makala kwa la baba, katalogi itamhesabu kuwa watu wawili. Wanawake walioongeza jina la mume katikati ya masomo hupata tabu zaidi, maana cheti kinasema hivi na jalada linasema vile. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mkaguzi huomba cheti cha shahada ya kwanza na kukilaza kando ya ukurasa wa jina, akapitisha kidole chini ya kila herufi, akimwuliza mwenyewe kama ndivyo atakavyoandika jina lake katika kila atakachokitoa baada ya hapo. Wengi hujibu papo hapo. Wachache huomba wakafikirie, na hao yeye huwapa muda hata kama foleni imefika mlangoni.