Kamera Isiyokwepa Uso

Filamu nyingi za kisasi hutulipa upesi: katili anaanguka, nasi tunashusha pumzi. Jennifer Kent, mwongozaji wa The Nightingale (2018), anatunyima malipo hayo, na namna anavyotunyima ndiyo inayonirudisha kwenye filamu hii.

Tuko Tasmania mwaka 1825, kisiwa ambako Uingereza ilikuwa ikimwaga wafungwa wake huku wenyeji asilia wakiuawa na kuporwa ardhi. Clare, mfungwa wa Kiayalandi, amebakwa, kisha akauliwa mume na mtoto mchanga na Luteni Hawkins na wenzake. Anawafuata msituni, akiongozwa na Billy, kijana mwenyeji ambaye jamaa zake nao walimalizwa na wakoloni.

Kent na mpiga picha wake, Radek Ladczuk, wamechagua fremu ya kizamani, karibu mraba. Mwingine angeitanua ili tushangilie mandhari. Wao wameibana, miti ikajaa toka juu hadi chini, mtu asione pa kutokea. Unyama unapotendeka, kamera haiutafuti mwili. Inaganda usoni, na haiondoki pale ambapo sisi tungetamani iondoke.

Halafu kifo cha Jago, askari kijana aliyemuua mtoto. Clare anamchoma kisu, hafi. Anamchoma tena na tena, kisha anamponda uso kwa kitako cha bunduki. Kuua kunaonekana kulivyo: kazi nzito, chafu, isiyo na chembe ya ushujaa. Aisling Franciosi, anayemwigiza Clare, anaibeba yote machoni. Hasira iliyomfikisha pale inaanza kumtoka, na atakapomkabili Hawkins mwenyewe, atakimbia. Maziwa nayo yanalowesha gauni lake. Mtoto hayupo, mwili bado unamnyonyesha.

Baykali Ganambarr, aliyemwigiza Billy, alituzwa katika tamasha la filamu la Venice kama mwigizaji chipukizi, kwa haki kabisa. Kuna mzungu mzee anayemkaribisha Billy mezani; kijana anakaa, anaanza kulia, na analia kwa sababu ardhi iliyo chini ya meza ile ni yake. Lugha yake katika filamu ni palawa kani, iliyofufuliwa na wenyeji wa Tasmania wenyewe, na mzee wao Jim Everett alikuwa mshauri wa kazi hii. Kwa hiyo Billy hasindikizi kisasi cha mtu mwingine. Anaposhika mkuki mwishoni, deni analodai ni la kwao.